Besi inayofifia: kuchanganya vyanzo vya sauti na kupanga filta mbili kwenye sinthesaiza

"Shikamoo mwalimu. Ninapiga kinanda katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi, na nyumbani ninarekodi kidogo kidogo. Kwaya imenunua sinthesaiza ya analogi iliyokwisha kutumika, yaani kinanda kinachounda sauti zake kwa sakiti za umeme. Ina osileta mbili (sakiti zinazozalisha mawimbi ya sauti), osileta ndogo ya oktava ya chini, chanzo cha kelele, miksa yake ya ndani, na filta mbili, yaani vichujio vya sauti, zinazoweza kupangwa kwa mfululizo au kwa sambamba. Nikifungua vyanzo vyote sauti inajaa lakini haieleweki, hasa kwaya ikianza kuimba. Noti za chini nazo hazitulii: noti ileile mara inatoka na nguvu, mara inafifia. Nikiingiza filta ya pili besi inakufa, na nikiongeza resonansi (ile nobu inayosisitiza sauti karibu na mahali filta inapokatia) inazidi kupungua. Mwenzangu mmoja anasema filta zimeharibika, mwingine anasema vyombo vya analogi ndivyo vilivyo. Nifungue kila chanzo kiasi gani, na filta nizipange vipi? Au nikipeleke kwa fundi mapema?"

Marahaba. Nimefurahi kwamba umeeleza unachokisikia badala ya kusema tu kuwa chombo kinasumbua, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yanayoniwezesha kukujibu nikiwa huku Arusha bila kukigusa. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya filta mbovu. Yote matatu unayoyalalamikia hutokea katika chombo kizima kabisa, siku kilipotoka kiwandani. Hata hivyo sikubaliani na mwenzako wa pili anayesema kwamba analogi ndivyo zilivyo, kwani jibu la namna hiyo linakuacha palepale ulipo. Kila tatizo kati ya haya lina sababu inayoweza kupimwa, na ukiijua sababu utaweza kulirekebisha kwa mikono yako kabla ya ibada ya Jumapili.

Nianze na dhana moja ambayo naamini ndiyo mzizi wa shida ya kwanza. Wapiga kinanda wengi huzichukulia nobu za miksa ya ndani kuwa ni nobu za ukubwa wa sauti, kama zile za miksa ya mitambo kanisani, kwa hiyo huzifungua zote hadi mwisho wakiamini kwamba chombo kitatoa nguvu zake zote. Tazama miksa hiyo imekaa wapi. Sauti huzaliwa kwenye osileta, inaingia miksa, inatoka miksa kuingia filta, kisha ampu inayoamua ukubwa wa sauti, na mwisho inafika kwenye tundu la kutolea sauti. Miksa ya ndani, basi, iko kabla ya filta, na kiasi unachofungua hapo kinaamua filta itapewa nini cha kuchonga na itapewa kwa nguvu kiasi gani. Mpango huu si mpya: sinthesaiza ya Minimoog Model D ya mwaka 1970 ilikuwa na miksa ya vyanzo vitano, yaani osileta tatu, kelele, na sauti ya kutoka nje, vyote vikielekea kwenye filta moja. Ukitaka sauti kubwa, iongeze kwenye nobu ya mwisho ya chombo au kwenye miksa ya kanisa. Nobu za ndani ziachie kazi ya kutengeneza rangi ya sauti.

Sasa fanya jaribio moja kabla ya jambo lingine lolote. Funga vyanzo vyote isipokuwa osileta ya kwanza, uifungue nusu tu. Weka filta ya kwanza kuwa ile iliyoandikwa LP, yaani inayopitisha sauti za chini na kukata za juu, uifungue yote, resonansi iwe sifuri, na filta ya pili uiondoe kwenye njia. Piga A ya chini, ile yenye mizunguko 55 kwa sekunde (Hz 55), uishike kwa muda wa kutosha, uiachie, uipige tena mara kadhaa. Kama inatoka kwa nguvu ileile kila mara, basi osileta, filta na ampu ni nzima, na kufifia unakokusikia kunaletwa na osileta ya pili unapoijumlisha. Nina uhakika mkubwa kwamba hicho ndicho utakachokikuta.

Maelezo yake ni haya. Osileta mbili zikipiga noti moja, mawimbi yake yanajumlishwa. Wakati yanapanda na kushuka pamoja, kimo cha wimbi kinakuwa mara mbili, ambayo ni nyongeza ya desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wakati moja linapanda na lingine linashuka kwa kiasi kilekile, yanafutana. Osileta mbili za analogi haziwi kwenye tyuni moja kamili, na mara nyingi sisi wenyewe tunazipishanisha kidogo kwa makusudi ili sauti inenepe, kwa hiyo mawimbi hayo yanakutana na kuachana bila kukoma. Kasi ya kukutana na kuachana ni sawa na tofauti ya masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, kati yao. Chukulia umezipishanisha kwa senti 5, ambapo nusu-toni moja ina senti 100. Kwenye A ya katikati, yenye Hz 440, tofauti hiyo ni kama Hz 1.27, yaani sauti inapumua zaidi ya mara moja kwa sekunde, na sikio linaipenda. Kwenye A ya Hz 55, senti zilezile 5 zinatoa tofauti ya Hz 0.16 tu. Mzunguko mmoja wa kuimarika na kufifia unachukua zaidi ya sekunde sita.

Fikiria maana yake ukipiga besi ya wimbo wa kwaya. Noti yako ina urefu wa sekunde moja au pungufu, na mzunguko ni wa sekunde sita. Ukiibonyeza noti wakati mawimbi yanaelekeana, inatoka nzito. Ukiibonyeza wakati yanapingana, inatoka kama imefungiwa ndani ya sanduku, na itakwisha kabla mawimbi hayajarudi pamoja. Huna namna ya kulikisia hilo kwa kidole. Ndiyo sababu ukaona noti ileile inatoka tofauti, na ndiyo sababu hukulalamika juu ya noti za juu, ambako mzunguko huo ni wa haraka kiasi cha kugeuka mtikisiko mzuri.

Dawa ninayoipendelea ni kuipandisha osileta ya pili oktava moja. Hapo msingi wa Hz 55 unabebwa na osileta ya kwanza peke yake, hauna wa kushindana naye, na mpumuo wa senti chache unahamia kwenye Hz 110 na kuendelea, mahali ambapo hauondoi uzito wa besi. Ukihitaji uzito zaidi, tumia ile osileta ndogo. Katika vyombo vingi osileta hiyo hupatikana kwa kugawanya masafa ya osileta ya kwanza, kwa hiyo imefungamana nayo daima na haiwezi kupishana nayo kwenye tyuni hata chombo kikipata joto. Njia nyingine ni kuziacha osileta zote mbili kwenye oktava moja lakini kuishusha ya pili. Hesabu hapa ni muhimu, kwani kuishusha kidogo tu hakusaidii: ukiipunguza hadi nusu ya kimo cha ya kwanza, jumla bado inayumba kati ya mara 1.5 na mara 0.5 ya kimo hicho, tofauti ya desibeli 9.5 hivi, ambayo kila mtu kanisani ataisikia. Ukiishusha hadi robo, kuyumba kunabaki kama desibeli 4.4, nako kunavumilika. Vipo pia vyombo vyenye swichi ya kuzianzisha osileta upya kila unapobonyeza. Kama chako kinayo, iwashe kwa sauti za besi na uizime kwa sauti za kujaza nyuma.

Kuhusu sauti kujaa bila kueleweka, swali la kujiuliza kabla ya kugusa nobu yoyote ni hili: chanzo hiki kina kazi gani ambayo kingine hakiifanyi? Wimbi la msumeno lina hamoniki zote, yaani sauti zenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya yale ya msingi, ya pili ikiwa na nusu ya kimo cha msingi, ya tatu theluthi, ya nne robo, na kuendelea. Wimbi la mraba lina zile za namba witiri tu, ndiyo maana linasikika kama lina uwazi ndani yake. Ukirundika misumeno miwili kwenye oktava moja, osileta ndogo ya mraba chini yake, na kelele juu, karibu kila eneo la masafa limekaliwa na zaidi ya chanzo kimoja, na hapo kwaya bado haijafungua mdomo. Msingi wa sauti za waimbaji unakaa takriban kati ya Hz 80 na Hz 1,000, na konsonanti zinazofanya maneno yaeleweke ziko juu zaidi, hasa kwenye elfu mbili hadi elfu nne. Sinthesaiza iliyojaza maeneo hayo yote haiwezi kuisindikiza kwaya. Inashindana nayo, na msharika wa kiti cha nyuma anapoteza maneno ya wimbo, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa kuliko besi nyembamba.

Kelele nayo inahitaji uangalifu wa peke yake. Kelele nyeupe ina nguvu sawa katika kila hertz moja, na kwa kuwa oktava ya juu ina hertz mara mbili ya ile iliyo chini yake, nguvu inaongezeka desibeli 3 kila unapopanda oktava. Ndiyo maana hata ukiifungua kidogo inatawala upande wa juu na kufanana na mvua kwenye bati. Kwa sauti za kujaza nyuma ya kwaya mimi huifunga kabisa. Kwa besi yenye mguso wa kidole, au kwa sauti inayoiga pumzi ya filimbi, kiasi kidogo kinatosha.

Halafu kuna suala la nguvu inayoingia kwenye filta. Vyanzo vitatu vyenye ukubwa sawa vikifunguliwa pamoja vinaongeza wastani wa karibu desibeli 4.8 juu ya kimoja, lakini vilele vyake vinapokutana wimbi linakuwa na kimo mara tatu, yaani desibeli 9.5. Filta za analogi zikipewa wimbi kubwa kiasi hicho huanza kulibana kichwani na miguuni, na huko kubana kunazaa hamoniki mpya ambazo hukuziomba. Kwa besi ya wimbo wa densi hilo ni pambo, na wapo wanaolitafuta kwa makusudi. Kwa akodi ya noti nne nyuma ya soprano ni tope, kwa sababu hamoniki hizo mpya hazitokani na kila noti peke yake tu, bali pia na noti zinapogongana ndani ya filta. Anza basi na osileta ya kwanza kwenye 5 kati ya 10, jenga vingine chini yake, na kila unapoongeza chanzo kimoja jiulize kama sauti imebadilika rangi au imekuwa kubwa tu. Ikiwa imekuwa kubwa tu, kirudishe chini.

Sasa tuje kwenye filta, na niseme kwanza juu ya resonansi, maana hapo ndipo mwenzako wa kwanza alipata sababu ya kudhani kuna uharibifu. Filta ya muundo wa ngazi, ambayo mbunifu wa sinthesaiza Robert Moog alipewa hataza yake Marekani mwaka 1969, hutengeneza resonansi kwa kuchukua sauti inayotoka mwishoni na kuirudisha mwanzoni ikiwa imegeuzwa. Karibu na mahali pa kukatia, sauti hiyo inayorudi inakuwa imecheleweshwa kiasi cha kuungana na ile inayoingia, ndiyo maana eneo hilo linang'aa na kupiga mluzi. Chini kabisa, kwenye besi, haicheleweshwi, kwa hiyo inarudi ikiwa kinyume na inapunguza ile inayoingia. Kwa nadharia, resonansi ikifikia kiwango ambacho filta inakaribia kuimba yenyewe, sauti zote za chini zimeshuka karibu desibeli 14. Besi yako inapungua kwa sababu hiyo, na hakuna kilichoungua. Baadhi ya watengenezaji huongeza sakiti ya kufidia upungufu huo. Muundo mwingine, ule uliotumika kwenye moduli ya SEM ya Oberheim ya mwaka 1974, hauna tabia hiyo, nayo besi yake hubaki hata resonansi ikipanda. Kama chombo chako ni cha muundo wa ngazi, weka resonansi chini ya theluthi moja kwa sauti yoyote inayobeba besi, na resonansi nyingi ziachie sauti ambazo besi si kazi yake.

Nobu yenyewe ya mkato, yaani mahali filta inapoanzia kukata, usiitazame kama swichi ya kuwasha na kuzima masafa. Filta ya desibeli 24 kwa oktava iliyowekwa Hz 200 inaanza kupunguza hapo, na kwenye Hz 400 imeshusha kama desibeli 24, kwenye Hz 800 kama 48. Ile ya desibeli 12 inashusha nusu ya hapo, na kwa masikio yangu inaacha sauti ikiwa wazi zaidi nyuma ya waimbaji.

Mpango wa mfululizo na ule wa sambamba utauelewa haraka ukiukumbuka mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, unaoshuka kutoka mlimani. Katika mfululizo, maji yote yanapita lango la kwanza, kisha yaleyale yanapita lango la pili, na kilichozuiwa na lango lolote kati ya hayo hakifiki shambani. Katika sambamba, mfongo unagawanyika mara mbili, kila mkono una lango lake, na maji yanakutana tena mbele. Chombo chako kikiwa kwenye mfululizo, na filta ya pili ikiwa ile iliyoandikwa HP, inayopitisha sauti za juu na kukata za chini, besi yote italazimika kupita hapo. Tuseme filta hiyo inakata desibeli 12 kwa oktava na umeiweka Hz 300. A yako ya Hz 55 iko oktava mbili na nusu hivi chini ya hapo, kwa hiyo inashushwa karibu desibeli 29. Hicho ndicho kifo cha besi ulichokieleza, na filta imetenda hasa kile ilichoambiwa.

Mfululizo una kazi zake nzuri, na nisingependa uuache kwa sababu ya tukio hilo. Filta mbili za LP za desibeli 12 zilizowekwa mahali pamoja zinakata kama moja ya desibeli 24. HP ikifuatwa na LP inakuachia utepe wa katikati, sauti kama ya redio ya zamani au ya parapanda iliyozibwa kwa mkono, ilimradi mkato wa HP uwe chini ya mkato wa LP. Ukivuka, hutabakiwa na kitu cha maana. Sinthesaiza ya Korg MS-20 ya mwaka 1978 ilijengwa hivyo, HP kwanza kisha LP, na kila moja ikiwa na resonansi yake. Kuhusu ipi itangulie: kama filta zote mbili zinafanya kazi bila kubana wimbi, matokeo ni yaleyale hata ukizigeuza. Utofauti unaingia pale kunapokuwa na kubana kati yake. HP ikitangulia inaondoa uzito kabla haujaifikia filta ya pili, kwa hiyo sauti inatoka safi zaidi. Kwa sauti ya kujaza nyuma ambayo gitaa la besi tayari linaibebea chini, mfululizo wa HP kwenye Hz 150 na LP kwenye Hz 1,500 ndio mpango ningekushauri uanze nao, na hapo kupotea kwa besi kunageuka kuwa faida, maana unampisha mpiga gitaa.

Sambamba ndio mpango wa kuhifadhi besi. LP inabeba chini bila kuguswa na HP, na HP inaleta mng'ao wa juu bila kuuliza kinachoendelea chini. Lakini hapa mfano wa mfongo unafika mwisho wake, kwa kuwa maji yakikutana yanaongezeka tu, ilhali mawimbi yakikutana yanaweza kufutana. Filta ya LP na ya HP za desibeli 12 zikiwekwa mkato uleule, kwenye mkato huo mawimbi yake yanakuwa kinyume kabisa, na zinapojumlishwa panatokea shimo. Ukisikia kwamba katika sambamba kuna noti fulani zimekosa mwili, sababu ni hiyo. Tenganisha mikato, au kama chombo kina swichi ya kugeuza wimbi la filta moja, igeuze usikilize. Shimo lenyewe wakati mwingine ni zawadi: LP kwenye Hz 250 na HP kwenye Hz 1,800 zinaacha katikati wazi, palepale waimbaji wanapokaa. Uangalifu unahitajika kwa HP tu, kwani ikiwa na nguvu nyingi itagombana na konsonanti nilizozitaja.

Kama chombo chako kinakuruhusu kuchagua kila chanzo kiende filta ipi, na baadhi ya vyenye filta mbili vinaruhusu, basi una kitu bora kuliko vyote nilivyosema. Peleka osileta ya kwanza na ile ndogo kwenye filta ya kwanza, LP karibu na Hz 300, resonansi kidogo sana. Peleka osileta ya pili, ikiwa imepandishwa oktava moja na kupishanishwa senti 5, kwenye filta ya pili, na uitumie hiyo kwa kila mabadiliko unayoyataka: resonansi, envelopu (sakiti inayobadilisha sauti kadiri noti inavyoendelea) inayofungua taratibu, mtikisiko. Kwenye miksa anza na 6 kwa osileta ya kwanza, 3 kwa ile ndogo, 3 kwa ya pili, kelele sifuri. Besi itasimama bila kuyumba hata ukizungusha nobu za filta ya pili wimbo mzima. Gharama yake ni kwamba sauti hizi mbili zikitengana mno, sikio litazisikia kama vyombo viwili badala ya kimoja, na dawa ni kuusogeza mkato wa filta ya kwanza juu kidogo kidogo hadi zishikane.

Kwa kuwa unapigia kwaya, kuna jambo moja la ziada ambalo nalipenda sana na ningependa ulijaribu. Weka filta zote mbili kwenye BP, inayopitisha utepe wa katikati peke yake, kwa sambamba, resonansi juu ya nusu. Filta ya kwanza iweke karibu na Hz 750 na ya pili karibu na Hz 1,200, kisha piga akodi ya msumeno. Chombo kitatamka kitu kinachokaribia "a". Ishushe ya kwanza hadi Hz 300 na uipandishe ya pili hadi Hz 2,300, utasikia "i". Namba hizo ni za takriban, zinatofautiana na koo la mtu, kwa hiyo malizia kwa sikio. Hivyo ndivyo koo na mdomo vinavyotofautisha irabu, na sauti ya aina hiyo ikiwekwa chini sana nyuma ya alto na teno inaziba mapengo pale waimbaji wanapovuta pumzi.

Ukimaliza kutengeneza sauti nyumbani, usiiamini mpaka uisikie kanisani. Hedifoni zinakuonyesha Hz 40 ambazo spika nyingi za kanisa zisizo na sabufa hazitoi, kwa hiyo besi iliyotegemea osileta ndogo peke yake itatoweka ukifika. Fungua mkato wa LP kidogo ili hamoniki za Hz 110 na 165 zipite, na sikio la msikilizaji litaikamilisha noti ya chini lenyewe. Angalia pia waya. Vipo vyombo vinavyotupa filta moja kushoto na nyingine kulia vikiwa kwenye sambamba. Ukichomeka waya mmoja kwenye tundu la kulia, nusu ya sauti uliyoitengeneza haitafika kwenye miksa. Tumia lile lililoandikwa L/MONO, na mwombe fundi mitambo akupe dakika chache kabla ya mazoezi, mmoja apige na mwingine asimame viti vya nyuma. Ushauri wa mtu aliyesimama ndani ya jengo lenu unazidi ninachoweza kukuandikia kutoka hapa. Kama una kompyuta, programu za bure za Vital na Surge XT zinaonyesha njia hizi zote kwenye skrini, na zinafaa kwa kujizoeza usiku bila kusumbua nyumba.

Ziko hali ambazo zinahitaji fundi wa vyombo, na usizisubirishe. Kama katika lile jaribio la osileta moja noti bado zinatofautiana nguvu, tatizo liko kwenye ampu, kwenye funguo au kwenye filta, na linahitaji kipimo. Kama nobu zinakwaruza ukizizungusha, huenda ni vumbi ndani yake, na fundi atazisafisha kwa dawa maalumu ya viunganishi vya umeme. Usipulize mafuta ya kulainishia bawaba. Kama tyuni inaendelea kutembea hata baada ya nusu saa chombo kikiwa kimewashwa, inahitaji kurekebishwa ndani, ingawa asubuhi za baridi za Julai kipe muda wa kupata joto kabla hujamlaumu mtu. Kama kuna mvumo unaosikika hata nobu zote za miksa ya ndani zikiwa sifuri, jaribu kwanza soketi nyingine na waya mwingine, kisha ndipo uende. Harufu ya kuungua, au adapta inayopata moto hadi huwezi kuishika, ni ya kuzima na kuchomoa papo hapo. Usifungue kifuniko mwenyewe, kwani katika vyombo visivyotumia adapta sehemu ya umeme ndani inapokea volti 230 na baadhi ya vipuri vyake huhifadhi chaji hata baada ya kuchomoa. Ukimtafuta fundi, iwe Moshi au huku Arusha, muulize kama ana osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, na kama amewahi kutengeneza sinthesaiza, kisha mpelekee pamoja na chombo karatasi yenye matokeo ya lile jaribio la A ya Hz 55: osileta ipi ilikuwa wazi, filta ipi ilikuwa kwenye njia, na noti ilifanya nini.